Mwanzo Baridi

Kipokezi hiki nilikinunua Korogwe
kwa mkopo, kwa mpima ardhi Shemdoe,
na niseme kweli, mpaka leo nadaiwa.
Cheusi, kidogo kama kopo la kiwi, na mkia wa waya,
kilisafiri nami ndani ya soksi
hadi Hebden Bridge, bonde la mvua,
ambako halmashauri inataka kujua
kila mfuniko wa mtaro ulipo
kabla mto Calder haujarudi jikoni kwa watu.

Kompyuta ya ofisi kwanza. Windows.
Nikachomeka. Ikalia ting, ikafurahi,
ikasema imepata kipanya.
Kipanya! Mshale ukaruka kama panzi kikaangoni,
ukafungua barua za Maureen Ackroyd,
ukafuta moja,
maana kila sentensi iliyotoka kwenye kipokezi
yenyewe iliisoma kama mkono wa mtu unaotetemeka.
"Chomoa!" Maureen, chai mkononi. "Chomoa!"
Nikachomoa. Nikaingia kwenye orodha ya vifaa,
nikakizima kile kipanya cha uongo,
nikakipa kipokezi poti namba nne,
mwendo elfu nne mia nane, usizidi:
ukikiharakisha kinatapika herufi zisizo na baba wala mama.

Mac ya Declan Greenwood ina adabu zake.
Haikukataa, haikukubali.
Iliuliza kiendeshi kimeandikwa na nani,
na huyo nani anajulikana na nani,
kama bawabu kwenye harusi ya wenye nazo.
Tukapita mipangilio, tukapita faragha, tukabonyeza Ruhusu,
tukaizima, tukaiwasha.
Declan akamaliza biskuti nne.

Yangu ni Linux, laptopu ya mtumba, herufi H imeng'oka.
Ilikiona papo hapo,
ikakipa jina lenye sifuri mwishoni,
kisha ikanifungia mlango: ruhusa imekataliwa.
Mimi, mwenye nyumba!
Ikabidi nijiandikishe katika kundi la wanaoruhusiwa kugusa poti,
nitoke, nibishe hodi, niingie upya kama mgeni,
jambo ambalo nina uzoefu nalo.

Basi mashine zote tatu zikaridhia,
na zote tatu zikasema herufi moja: V.
V, yaani batili. V, yaani sijui nilipo.
Nikakiweka dirishani.
Nikakipandisha juu ya gari, nikangoja nusu saa manyunyuni.
V. V.

Ndipo nikasoma kumbukumbu yake ya mwisho:
nyuzi tano Kusini, thelathini na nane Mashariki.
Masikini. Kilikuwa bado kinatafuta setilaiti za Korogwe,
kinaita majina ya zilizo ng'ambo ya dunia,
na hizi za hapa, juu ya kichwa chake,
kinazipita bila salamu.

Dawa ipo, mstari mmoja wa amri.
Mafundi wanaiita mwanzo baridi:
sahau saa, sahau mahali, sahau anga lote, anza.
Kidole changu kilikaa juu ya kitufe
muda usiolingana na kazi ya kitufe.
Shamba la mkonge, vigingi vyekundu,
Shemdoe akipiga mluzi kwamba mstari umepinda,
vyote hivyo, kwa kipokezi, ni namba mbili tu.
Nikazinakili nyuma ya risiti ya mkate.
Nikabonyeza.

Dakika kumi na mbili. Moja ikajitokeza, dhaifu,
juu ya kilima cha Heptonstall. Ya pili. Ya tatu bonde likaimeza,
likaitema. Ya nne.
V ikawa A.
Hamsini na tatu Kaskazini, mbili Magharibi:
herufi zote mbili zimebadilika, haikubaki hata moja.

"Imekamata?" akauliza Maureen.
Nikasema imekamata.
Tukateremka hadi mfuniko wa kwanza, kando ya daraja,
umezibwa na majani yaliyooza.
Declan akayapiga teke. Maji yakashuka yakiguna.
Nikauandika: namba moja, mzima, mchafu.

Ijumaa nikilipwa nitamtumia Shemdoe pesa yake.
Nusu.